Nimemwigiza Mpinzani wa Mdogo Wangu Mpaka Nimemwamini

Bi Verna mpendwa, nisaidie kabla ya Jumanne ijayo, maana Jumanne saa moja jioni mdogo wangu anapanda jukwaani katika ukumbi wa maonyesho ya kilimo wa kaunti yetu kujibizana na mpinzani wake, na mimi ndiye niliyemwandaa, na mimi huyo huyo ndiye ninayeweza kumvuruga.

Majina ya watu nimeyabadilisha yote, kwa hiyo usijisumbue kukisia. Mdogo wangu, nimwite Corinne, anagombea useneta wa jimbo hapa kwetu Nebraska, na mimi nimefundisha watoto wa sekondari kuzungumza mbele ya watu kwa miaka thelathini na moja, makombe yapo kabatini pale shuleni, anayebisha aende akayahesabu, kwa hiyo aliponijia mwanzoni mwa Septemba akasema, "Dada, nataka mtu wa kuwa Royce," sikusita hata kidogo. Kwa asiyejua kazi hii, mgombea anayejiandaa kwa mdahalo hutafutiwa mtu wa kumwigiza mpinzani wake, asome kila alichowahi kusema, amkabe kwa maswali, ili siku yenyewe isimletee jipya. Royce ni mfugaji wa ng'ombe, mtu mwema, mzito wa kusema, na mimi nilimsoma mpaka nikajua anavyokohoa kidogo kabla ya kutaja tarakimu yoyote, mkwe wangu akaniletea kofia ya kampuni ya mbegu kama ile ya Royce, na kila Jumapili baada ya kanisa tulikula mchuzi wa nyama na maharage na mkate wa mdalasini, vyombo vikaondolewa, nikavaa kofia, nikawa Royce.

Sasa sikiliza, mdogo wangu ana msimamo kwa kila jambo, na misimamo yake mingi ni mizuri, si kwa sababu ni wangu. Kodi ya ardhi anataka jimbo libebe sehemu kubwa zaidi ya gharama za shule ili mwenye shamba apumue, Royce anataka tu sheria ya kuzuia kodi isipande, na hapo Corinne alinimaliza Jumapili ya kwanza nikavua kofia mwenyewe. Maji ya visima yenye mbolea, anataka yapimwe bure na wakulima wawekewe mpaka wa kumwaga mbolea karibu na visima, Royce anasema waachiwe wenyewe, na hapo nilivua kofia tena. Shule ndogo anataka zigawane walimu badala ya kufungwa, na hapo pia nilipigwa. Mambo matatu, mara tatu chali, na nilifurahi kama mwalimu anavyofurahi.

Kisha ikaja namba nne kwenye kipeperushi chake, wodi ya wazazi. Hospitali yetu ndogo inataka kuifunga, na msimamo wa Corinne ni kwamba ifungwe, fedha za jimbo ziende kwenye ambulensi na wauguzi, kwa kuwa wanaojifungua pale hawafiki arobaini kwa mwaka, na mikono isiyofanya kazi mara kwa mara husahau, na hospitali kubwa iliyo maili sabini ina madaktari saa zote. Mimi ndiye niliyeuchapa msimamo huo kwa vidole vyangu na nikaukubali. Royce anataka jimbo lilipe wodi ibaki wazi, basi, hasemi zaidi, anakohoa na kunyamaza. Jumapili ya pili nikaona mtu huyu hajui kuitetea hoja yake mwenyewe, na Bi Verna, mimi ni mwalimu, siwezi kuona hoja imelala chini nikaipita, nikaiinua, nikaivisha, na hapo ndipo nilipokosea.

Nikamwambia, "Bi Corinne, mwezi wa Januari, upepo umejaza theluji barabarani, polisi wameifunga njia tangu saa nane mchana. Hiyo ambulensi yako mpya inapita wapi?"

"Itakuja helikopta."

"Kwenye upepo huo huo?"

Shemeji yangu, mume wa Corinne, alikuwa na mkate wa mdalasini mkononi akausahau hapo hapo. Corinne akanikazia macho, akasema, "Royce hasemi hivyo."

"Anaweza akasema."

"Akili hiyo aitoe wapi, dada! Royce huyu huyu?"

Tukacheka wote, hata Tessa binti yake, ambaye ana mimba ya kwanza na tumbo limekuwa kubwa mpaka anaweka sahani juu yake, atajifungua Januari Mungu akipenda, na ndiye anayeniita Mjomba Royce, basi alicheka, wote walicheka, ila mimi moyoni sikucheka, kwa sababu nilijisikia nikisema kweli. Na tangu siku hiyo namshinda Corinne kwenye namba nne kila Jumapili, na si Jumapili tu, Jumatano ananipigia, "Dada, una nafasi? Njoo turudie namba nne," nakwenda, namshinda, narudi nyumbani, Ijumaa ananipigia tena, "Dada, hebu nikaze na ile ya Januari," nakwenda, na wiki iliyopita ilikuwa mara tatu, na kila ninavyorudia ndivyo ninavyozidi kuamini, mpaka juzi nilipita kwenye bango la Royce kando ya barabara nikajikuta nimelipungia mkono, mimi, na gari langu lina stika ya Corinne nyuma!

Jumanne nimewekewa kiti mstari wa mbele na fulana yenye jina lake. Nikimwambia sasa nitamvunja moyo siku chache kabla ya mdahalo na wiki tatu kabla ya kura, nikinyamaza nitakuwa mnafiki, mimi niliyewaambia watoto wa watu miaka yote hiyo wasisimame nyuma ya neno wasiloliamini. Nimewaza pia Jumapili hii, mazoezi ya mwisho, nishindwe kwa makusudi, aingie ukumbini kichwa juu. Mume wangu anasema, "Funga mdomo, kura ni siri, kampigie unayemtaka, halafu tule." Nishike lipi? Sikuulizi nani yuko sahihi kuhusu wodi, hilo nalijua.

Ni mimi,
Royce wa Jumapili, Nebraska

BI VERNA ANAJIBU

Royce wa Jumapili, pole sana, na uache kujipigia debe, mgombea ni mdogo wako. Jibu hili nimekutumia kwa posta ya haraka kabla ya kulichapa hapa. Wasomaji wengine mnalisoma mdahalo ukiwa umekwisha, kwa hiyo tulieni, hakuna wa kumkimbilia kumpa umbea.

Tuondoe kwanza lile la kijinga. Kushindwa kwa makusudi usithubutu. Huyo ni mdogo wako, amekujua tangu mkigombania blanketi moja, atakugundua kabla hujamaliza kukohoa. Na asipokugundua ndiyo mbaya zaidi, maana utakuwa umempeleka mbele ya kaunti nzima akijidhani ana nguvu ambazo hana. Hayo ungemfanyia mwanafunzi wako? Basi usimfanyie ndugu yako.

Mumeo yuko sahihi kuhusu kura. Kura ni yako, huombi ruhusa kwa mtu, na safu hii haijawahi kumwambia mtu apige kura kwa kuangalia undugu. Kuhusu kufunga mdomo amekosea, na nadhani alikuwa na njaa.

Sasa kaa chini usome barua yako mwenyewe, maana mimi nimeisoma mara tatu na nimeona jambo ambalo wewe, pamoja na makombe yako yote, hukuliona. Kodi ya ardhi alikushinda, je, alikupigia simu Jumatano mrudie kodi? Hakupiga. Maji? Hakupiga. Shule? Kimya. Ila namba nne anakuita Jumatano, anakuita Ijumaa, anakuita mara tatu kwa wiki, na kila mara ni ile ya Januari. Mwalimu mzima, hukujiuliza kwa nini? Mtu aliyeridhika na jibu lake huenda kulala. Wewe unadhani una siri unayomficha Corinne, kumbe Corinne anakuuliza swali mwezi mzima sasa, na kila akikuuliza unavaa kofia ya mwanamume mwingine ndipo unamjibu.

Na katikati ya sentensi moja ndefu kama reli umetupitishia tumbo lenye sahani juu yake, ukaendelea na safari kana kwamba umetutajia hali ya hewa. Wewe ndiye uliyeileta Januari mezani! Uliileta mbele ya msichana atakayejifungua Januari, mbele ya baba yake na mama yake, halafu unashangaa shemeji yako kaganda na mkate mkononi. Nimekukasirikia kidogo hapo, nakwambia ukweli. Ulikuwa umenogewa na ushindi ukasahau uko na nani.

Nakisia tu, niko mbali, lakini niko tayari kuweka rehani sufuria yangu nzuri kwamba mdogo wako amenaswa. Akishikilia namba nne, anaiona theluji hiyo kila akimtazama binti yake. Akiiacha, ataitwa kigeugeu, na watasema amebadilika kwa ajili ya mwanawe. Hana wa kumwambia hayo. Mumewe ni baba wa msichana, meneja wa kampeni anataka ushindi, na dada yake, ambaye ndiye angemsikiliza, amegeuka Royce.

Mimi sitasema wodi ibaki au ifungwe. Mikono isiyozoea kazi ni hatari, hilo ni kweli, na barabara iliyofungwa ni hatari, hilo nalo ni kweli, na seneta tunamchagua ili akate shauri pale ambapo pande zote mbili zina kweli. Corinne anaweza kukusikiliza mpaka mwisho na bado akabaki na msimamo wake, ni haki yake, na usinune. Ila akibaki nao aujaze. Mama wa huku mashambani akae wapi wiki za mwisho kabla ya kujifungua, karibu na hiyo hospitali kubwa? Chumba atalipiwa na nani? Watoto aliowaacha nyumbani wanaangaliwa na nani? Hayo hukuyachapa kwenye kipeperushi, na anayetaka kuyajua si Royce peke yake. Jibu asiloweza kulisema mezani mbele ya Tessa asilipeleke ukumbini.

Akibadili msimamo, aseme mwenyewe mapema, kwa maneno mafupi, kabla hajaulizwa. "Nilifikiri hivi, nimesikiliza, sasa nafikiri hivi." Nimeandika safu hii miaka kumi na tisa na bado sijapata barua ya mpigakura aliyemchukia mtu kwa sentensi hiyo. Barua ninazopata ni za watu waliochoshwa na wanaobabaika. Na wakisema amebadilika kwa sababu ya mwanawe, ajibu ndiyo, kisha awaulize wao hubadilika kwa sababu ya nani.

Basi fanya hivi. Usingoje Jumapili, nenda Jumamosi asubuhi. Kofia iache nyumbani kwako, mume wako pia. Usilete chakula, maana ninyi mkishika sahani mnaanza mazoezi. Mwambie kwa sauti yako, "Namba nne sikubaliani nawe, na nimekuficha mwezi mzima." Kisha nyamaza, unyamaze kweli, hata akikaa kimya dakika kumi. Usimwandikie jibu jipya. Hoja ya Royce umeshaiandika wewe, ukiandika na ya Corinne utakuwa unagombea peke yako pande zote mbili.

Jumanne vaa fulana, kaa mstari wa mbele, piga makofi kwenye kodi, maji na shule, maana hapo unamwamini, na kwenye wodi weka mikono mapajani. Hakuna unafiki hapo. Fulana imeandikwa jina lake tu, na yeye ni mdogo wako hata kwenye namba nne.

Na Jumamosi hiyo, kama nilivyomsoma mdogo wako, baada ya kimya kile atakuuliza ungempeleka Tessa wapi. Hapo usikohoe, usimwulize swali la kumrudishia, usitafute hoja. Mjibu kama mama mkubwa wa mtoto huyo.