Raheli Alivyopandishwa Mlima Kinyumenyume

Singida Mjini,
7 Septemba, 1959.

Kwa kaka yangu Zefania,

Shikamoo kaka. Mimi mdogo wako Elina nakusalimu sana, na mume wangu Nathanaeli, baba Kristina, anakusalimu. Kristina mwenyewe angekusalimu kama si meno anayoota. Anatafuna kila anachokishika, hata kalamu hii kaitia mdomoni kabla yangu. Habari za Dar es Salaam na kazi ya bandarini? Na kile kifua chako, kimepona? Mama anauliza habari ya kifua kila mtu akikutaja. Sisi miili yetu haina shida. Moyo wangu ndio bado haujakaa mahali pake, na ndiyo maana barua ni ndefu.

Najua uliumia kunyimwa ruhusa ya kuja kwenye arusi ya mdogo wetu Raheli. Baba alikuandikia kwamba mambo yalikwenda vizuri. Ni kweli, ila baba hakuwamo kwenye gari. Mimi nilikuwamo.

Gari lenyewe wewe hukuliona. Nathanaeli alilipata kwa Mwamerika mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ni gari jeusi, refu, limetembea mpaka saa ya maili imezunguka yote ikaanza upya. Halina klachi. Pembeni mwa usukani kuna kijiti na herufi. Ukikiweka kwenye D unakanyaga mafuta na kwenda zako, gia zinajibadilisha zenyewe humo ndani. Ukitaka kurudi nyuma unaweka R. Watu wa sokoni walikuwa wanainama kuchungulia miguuni kwa Nathanaeli, kuhakikisha kweli klachi haipo. Alikuwa akipeleka nalo abiria wa treni Itigi, na tulikuwa tunakula bila wasiwasi.

Tangu mvua zilipokatika likaanza visa. Asubuhi ukiliwekea D linakaa kwanza, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini, ndipo linashtuka na kuondoka. Njiani injini inapiga kelele nyingi na mwendo hauonekani. Mahali linapolala tukawa tunakuta matone mekundu. Mara ya kwanza nilimkagua Kristina mwili mzima nikidhani ni damu yake. Fundi wetu, yule Kalasinga wa karibu na soko, akasema ni mafuta ya gia yanavuja, tena ni mafuta ya aina yake, lazima yaagizwe, na mpaka yafike gari lisipandishwe mlima. Nathanaeli akaitikia vizuri kabisa. Wiki ileile baba akatuma neno kwamba mkwe wake ndiye atakayempeleka Raheli kwa akina Simeoni, bwana arusi, na watu wamekwisha kuambiwa habari za gari kubwa. Sasa kaka, nani wa kumwambia baba hapana?

Basi tuliondoka kwa baba Sekenke mchana, Raheli nyuma kafunikwa kanga pamoja na shangazi Elizabeti, mimi mbele na mtoto. Unaujua ule mlima unavyosimama. Tulikuwa tumepita kona ya pili injini ikaanza kulia kama inataka kutoka kwenye boneti, na gari likasimama papo hapo. Halafu likaanza kurudi taratibu. Nathanaeli akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, mimi na shangazi tukaruka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Harufu iliyotoka chini ilikuwa kama maharage yaliyosahauliwa jikoni.

Nathanaeli alijaribu D, akajaribu L, ile ya nguvu ya mlimani, hakuna. Alipoweka R, gari likavuta. Akasema kama lina nguvu ya kurudi nyuma basi litapanda kwa kurudi nyuma. Shangazi akamuuliza amekunywa nini. Lakini kusimama pale na bibi arusi jua linashuka nako hakufai, kwa hiyo wapita njia waliokuwa na mbuzi wakatusaidia kuligeuza pale penye upana, kichwa kikatazama Sekenke na mkia ukatazama juu. Sisi tukaambiwa tutembee ili kupunguza uzito. Raheli akabaki ndani, maana bibi arusi hatembezwi. Na kweli, kaka, gari likapanda. Mimi nyuma yake, mtoto mgongoni, vumbi mdomoni, namwona mdogo wetu katika kioo cha mbele, kafunua kanga kidogo, anaitazama mbuga yote ya kwetu inavyokuwa ndogo huku yeye anapelekwa kwa watu. Nililia palepale njiani.

Tulipofika juu tulilikuta limesimama linatusubiri. Nathanaeli akasema tuingie, twende vilevile kinyumenyume, mbele bado hakuna. Hakunitazama aliposema. Nikadhani ni shingo, maana alikuwa ameipinda mwendo mrefu.

Basi tukaingia kijiji cha watu kwa matako. Watoto walitukimbilia wakicheka, na mzee mmoja akavua kofia asijue aipungie taa za mbele au za nyuma. Langoni kwa akina Simeoni vigelegele vilianza, vikakatika. Bibi yake Simeoni, Bibi Sara, aliweka fimbo yake katikati ya lango. Alisema kwa Kinyiramba, polepole, kila mtu asikie, kwamba katika ua wake haingii bibi arusi ambaye uso wake unatazama kwa baba yake, kwa sababu huyo amekuja huku anaondoka. Akataka turudi mpaka njia panda tuje kama watu wanavyokuja. Nathanaeli akasema gari haliwezi kwenda mbele. Shangazi akauliza kama itatosha kumgeuza msichana mwenyewe kwenye kiti. Bibi Sara akajibu kwamba msichana si chungu. Shangazi akasema basi ashuke aingie kwa miguu, uso mbele. Bibi akasema anayeingia kwa miguu ni jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Vijana wa upande wao wakaanza utani wa kuuma, kwamba gari linajua njia ya Sekenke, liachwe liende nalo litafika lenyewe. Mzee Lazaro, baba yake Simeoni, alitazama chini tu. Kanisani ilikuwa kesho yake asubuhi, kaka. Kama Raheli asingelala ndani ya ua ule, kesho hapangekuwa na arusi, na baba angemwona binti yake anarudishwa kama kikapu kilichokosewa. Niligeuka nikaona mabega ya Raheli yanatikisika chini ya kanga. Nikamshika goti nikamwambia asilie.

Hapo Simeoni akatoka. Unajua bwana arusi hakutakiwa kutoka mpaka aitwe. Hakumjibu bibi yake kwa ukali. Alivua koti lake jipya, akalitundika kwenye miti ya ua, akasema kama shida ni uso basi uso utageuzwa, akaweka mikono kwenye gari. Akabaki anasukuma peke yake, gari halitikisiki, watu wanatazama. Halafu ndugu zake wakaja, na wale vijana wa utani, na Mzee Lazaro mwenyewe na kofia yake kichwani. Waliligeuza kidogo kidogo, lile gari zito kama ghala, kichwa kikaelekea ndani. Bibi Sara mwisho wake alikuwa anaelekeza kwa fimbo ileile, kulia, kushoto, wasije wakamwangushia nguzo. Raheli akaingia uso mbele, injini imezimwa, kwa mikono ya watu.

Kesho yake wakafunga ndoa. Hiyo ndiyo arusi aliyokuandikia baba.

Siku ya kurudi mjini gari lilikufa kabisa karibu na Iguguno. Safari hii hata R ilikataa. Lori la ngozi likatuvuta kwa kamba mpaka mjini, na fundi alipoona kamba akashika kichwa, akasema gari la aina hii halivutwi hivyo, linainuliwa magurudumu ya nyuma, tumemalizia kuua kilichobaki. Alipofungua gia, sahani za ndani zilikuwa nyeusi kama ukoko. Akaeleza kwamba mafuta yalikuwa yamepungua, na mlimani kichwa kikiwa juu yalikimbilia nyuma, pampu ikavuta upepo. Nathanaeli ameandika majina ya vifaa nyuma ya karatasi hii. Tafadhali kaulize kwa wenye magari makubwa huko. Hata vya gari bovu atashukuru, fundi anasema vikipatikana linaweza kupona.

Sasa wewe ni mtu wa kufikiri, lazima unajiuliza tulifikaje Iguguno. Tulirudi nyuma njia yote ile? Hapana kaka. Tulikwenda mbele.

Wakwe walitusukuma mpaka barabarani, wakatuaga. Tulipokata kona wasituone tena, Nathanaeli akaweka D, gari likaondoka laini kabisa. Nilipiga kelele kwamba limepona, mtoto akaanza kulia. Akasimamisha, akazima, akanieleza. Juu ya mlima, walipokuwa wawili tu, yeye na Raheli, aliijaribu D mahali palipo sawa, nayo ikakubali. Alikuwa anataka kuligeuza ili bibi arusi aingie kwa heshima. Raheli akamzuia. Akamwambia shemeji, twende hivihivi. Akasema amemjua Simeoni kwenye viti vya kanisa tu, na nyumba ile anasikia ina maneno. Kama ni watu wa kumrudisha mtu kwa sababu ya gari, wamrudishe leo angali anauona moshi wa kwao, wasije wakamrudisha akiwa na mtoto mgongoni. Na kama yupo mmoja wa kutoka nje kwa ajili yake, anataka kumwona kwa macho yake.

Kaka, hebu fikiri. Ni Raheli yuleyule tuliyekuwa tunamchania nywele. Yale mabega chini ya kanga sijui tena kama alikuwa analia. Na mimi siku naolewa sikuwaza hata kidogo kuuliza. Nilimtazama Nathanaeli pale kwenye usukani, mwenye jasho, amejibebesha aibu ya gari lake mbele ya watu wote ili mdogo wangu apate jibu, nikaona na mimi nimejibiwa, ingawa sikuuliza.

Usimwambie baba. Simeoni hajui, na Bibi Sara anatangaza kanisani kwamba ni yeye aliyelinyosha gari la Mwamerika. Mwache.

Vaa nguo nzito kwa ajili ya kifua. Kristina amenyang'anya kalamu tena, na ule mstari uliopinda hapo chini ni salamu zake kwako.

Ni mimi dada yako mdogo, anayekungoja likizo,
Elina, mama Kristina.