Vyeupe Vyote Marufuku Nkololo

Mwanza, 9 Novemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, naomba na ninyi huko Nkololo muwe wazima: mama, kaka Yakobo, wifi Veronica na mtoto wao Salu. Presha yako je? Nakuandikia maana kwenye simu hunisikii hata nikipiga kelele.

Baba, chuo cha lishe kitamu jamani! Wiki ya tatu tu na dawa yako ninayo. Kuanzia leo achana na vyakula vyeupe. Vyote! Cheupe hakina kitu ndani, ni adui wa mwili. Kula vya rangi: mchicha, karoti, maboga. Nisikilize mimi, usimsikilize mwingine.

Mwanao,
Milembe

Nkololo, 1 Desemba 2024

Ng'wanone, mwanangu Milembe, daktari wangu,

Marahaba mara kumi! Sisi tunaendelea, ila Salu anasumbua kidogo, nitakueleza. Unakula vizuri huko? Mvua imeanza, pamba tumepanda.

Mwanangu, barua yako imeniinua! Nimeacha sukari, chumvi, sembe, wali, michembe ya viazi vikavu, vitunguu, uyoga, mayai, samaki na maziwa. Maziwa, mimi Mashimba mwenye ng'ombe! Wakikamua nageukia pembeni. Mama yako anasema nimerogwa. Suruali zinashuka zenyewe, nafunga kamba, lakini presha imeshuka mpaka nesi kashangaa.

Nikaona si haki kufaidi peke yangu. Jumuiya yetu ya kanisani ilipokutana, mimi mwenyekiti wao nikasimama: mwanangu anayesomea lishe amesema, cheupe marufuku. Weee! Makofi hayo! Nyumba kumi na mbili zimefuata. Hata Veronica kamwachisha Salu maziwa ya ng'ombe, anampa uji wa ulezi mtupu. Kliniki wamempima, kapungua kilo nzima. Nimemwambia Veronica avumilie, mwili wa mtoto unatoa uchafu.

Tuongeze nini tena?

Baba yako,
Mashimba

Mwanza, 5 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Siulizi mengine, namuulizia Salu.

Mpe maziwa, baba! Leo hii, barua hii ukiwa bado umeishika. Nimekosea. Yale maneno sikufundishwa, niliyaokota bwenini kwa wenzangu nikakuandikia kwa mbwembwe. Jana nikayasema darasani. Mwalimu alicheka mpaka akakaa, kisha akapanga mezani maziwa, mayai, samaki aina ya sato, maharage meupe, uyoga, vitunguu, muhogo. "Haya Milembe, tupa kisichofaa."

Maziwa yanajenga mifupa na misuli ya mtoto. Ute wa yai, samaki na maharage navyo vinajenga mwili. Uyoga na vitunguu havina kosa lolote. Muhogo, michembe na wali vinatia nguvu, ila visijaze sahani peke yake bila mboga. Sembe imekobolewa ikapoteza vingi, dona isiyokobolewa ni bora. Vya kupunguza ni sukari na chumvi, na nadhani kuacha chumvi ndiko kulikokushusha presha. Dawa zako za presha usiache.

Nimempigia kaka Yakobo, nikalia. Anasema neno ulilotoa wewe mbele ya jumuiya yeye hawezi kulipinga, mpaka ulitengue mwenyewe. Tafadhali baba, simama uwasomee barua hii. Waambie Milembe ndiye aliyekosea. Mtoto asiumie kwa ajili ya jina langu.

Mwanao,
Milembe

Mwanza, 20 Desemba 2024

Baba, shikamoo. Mbona kimya? Salu yukoje? Simu ya Yakobo haipatikani. Niandikie hata mstari mmoja.

Milembe

Nkololo, 4 Januari 2025

Milembe mwanangu,

Marahaba. Mwaka tumeuvuka wote, simu ya Yakobo tu ndiyo iliyolowa mvua ikafa. Ondoa hofu: Salu anakunywa!

Barua yako ilinikuta zizini. Sikungoja jumuiya, nilikamua kwa mikono yangu, mama yako akachemsha. Mtoto alikumbatia kikombe, akanywa, akanitapikia shati, akataka tena! Nimechelewa kukuandikia kwa kuwa nilitaka kwanza mizani iseme. Juzi imesema: kilo yake imerudi, na nusu juu. Sasa anakimbiza vifaranga uwanja mzima, na yai halimpiti. Mimi nimekula sato wawili kwa mkupuo mmoja, chumvi kidogo tu. Wabeja sana, asante mwanangu.

Lakini uliloniomba sikulifanya. Nilisimama mbele ya jumuiya nikasema, "Milembe aliandika tupunguze sukari na chumvi. Macho yangu mabovu, nikasoma ya kwangu, nikawatangazia. Nisameheni." Loo, walinicheka! Veronica hakucheka. Alilia, akanisema mbele ya wote, na alikuwa na haki. Uenyekiti wamempa Bujiku.

Wewe wanakusubiri kwa hamu. Wamesema ukija likizo Februari uwafundishe kina mama kulisha watoto, na Veronica ndiye wa kwanza kujiandikisha. Jifunze vizuri, usikose kipindi hata kimoja.

Barua zako zote nimezitia motoni. Wakikuuliza uliandika nini, usinikosoe mbele za watu.

Baba yako,
Mashimba