Kiti cha Nyuma cha Mtumbwi Wako

Ochieng' ndugu yangu,

Mtumbwi umeingia majini. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuniuliza hali ya watoto.

Tangu tukuzike kwenu, mtumbwi ulikaa miezi saba nyuma ya landhi, hizi nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, umefunikwa turubai, haujapigwa viti na ubao wa juu wa kushoto haupo. Kila nikitoka karakana ya reli nilipita nikautazama tu. Karani wa nyumba akaanza kuuliza ile takataka itaondoka lini, nikaona aibu. Mwaka mzima ulinisihi nikusaidie, nami nikakujibu kwamba mtu wa Dundori maji anayoyajua ni ya ndoo na ya josho la ng'ombe, na kwamba sitakanyaga ndani ya kitu hicho hata ukinilipa. Ulicheka. Lakini nilipoanza kupanga mbao zako nilikuta ile ya kiti cha mbele umeshaipima kwa miguu yangu mifupi, na jina langu umeliandika kwa penseli. Nilikaa juu ya maranda nikalia, Ochieng'. Siku ya mazishi sikuwa nimelia.

Basi nikaumalizia kwa ujuzi nilio nao, yaani wa milango. Mbao nilizianika mpaka zikakauka kabisa, nikazibana hata wembe haupiti, nyufa nikajaza puti ya madirisha, juu nikapaka vanishi. Ulipendeza kama kabati la bwana harusi. Ziwa letu la Nakuru ni magadi na ndege heroe tu, kwa hiyo nilihangaikia pasi ya kusafiri, unajua siku hizi za Hali ya Hatari watu wa kwetu hatusafiri bila pasi, nikaupakia kwenye lori la samaki hadi Naivasha. Mkeo, Mama Atieno, tulikuwa naye. Sasa anachukua samaki kule na kuwauza hapa sokoni, na hakuna anayemshinda kwa bei.

Tuliuweka majini. Haukupita muda mrefu mbao zikavimba, puti ikaanza kutoka kama uji, ubao mmoja ukatema misumari. Mama Atieno aliutazama, halafu akasema, "Umetengeneza mlango, shemeji. Mlango hauogi."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uondoke, nikasamehe kila msumari. Yeye ni mtoto wa ziwani, akanionyesha: mbao ziachiwe nafasi ya kuvimba, katikati isindiliwe pamba yenye lami, kisha mtumbwi uzamishwe kwa mawe siku tatu unywe maji ushibe. Jumapili nne zilikwisha kwa kazi hiyo.

Jumapili iliyopita nilipanda. Nilikaa mbele, mahali pangu. Nikipiga kafi kulia, mtumbwi unazunguka. Nikipiga kushoto, unazunguka vilevile. Pua ya mtumbwi iliinama mpaka maji yakawa yananichungulia. Viboko walikuwa mbali, ila mimi niliwaona karibu. Wavuvi waliacha nyavu zao wakamtazama fundi mzima akijizungusha. Mama Atieno akaniita kutoka ufukweni nirudi nyuma, maana mtu akiwa peke yake hukaa nyuma.

Nililijua hilo tangu mwanzo. Wewe mwenyewe ulinieleza mara nyingi kwamba wa nyuma ndiye anayeshika njia. Lakini kile kilikuwa kiti chako. Nilihisi kwamba nikikikalia, ndipo utakuwa umekufa kweli.

Aliniona nimekwama. Akasogea mpaka maji yakamfika magotini, akasema kwa sauti ya chini, "Hatarudi, shemeji. Kaa."

Nikatambaa kwa magoti hadi nyuma, nikakaa. Nikapiga kafi, na mtumbwi ukanyooka ukaenda. Nilifika kwenye mafunjo, nikageuza, nikarudi. Hofu nilikuwa nayo njia nzima, na furaha pia njia nzima.

Pumzika, ndugu yangu. Uliponiita sikuja, na kosa hilo halina randa ya kulisawazisha. Nitalibeba. Ila nakuahidi jambo moja. Atieno wako akifunga shule nitampeleka Naivasha, mama yake amfundishe kushika njia. Akishajua, nitamwachia kiti chako, mimi nihamie mbele.

Wako,
Njoroge