Jina la Zenon Kwenye Barua Pepe

Jumatatu, 3 Juni 2002
Upepo! Vidole vimekufa ganzi. Alois kapiga simu kutoka Mbeya, ndiye anayenunua mahindi yetu. Kapata barua pepe kwa jina la marehemu mdogo wake, Zenon. Nikamwambia ni mimi Silvana niliyeandika, kwenye kompyuta ya ofisini aliyokuwa akiitumia Zenon. Akakata simu. Zenon alizama Ziwa Rukwa mwezi wa pili. Mwili haukuonekana.

Jumanne, 4 Juni
Nimegundua! Kuna faili ambalo mashine inalisoma kila tukiingia. Zenon aliandika humo: export NAME="Zenon". Kila amri inarithi jina hilo. Nimefuta. Kisha nikajaribu kuweka jina mbele ya amri: NAME="Silvana" mail. Hapo jina hudumu kwa amri hiyo moja tu, ikiisha linapotea. Barua ikatoka kwa jina langu. Afadhali.

Jumatano, 5 Juni
Zenon tena. Faili ni safi. Nimeandika env ili nione majina yote yaliyowekwa — NAME haipo. Bosi Modesti anasema zima, washa. Nimezima, nimewasha.
Zenon.

Alhamisi, 6 Juni
Kaja Kristiana, mke wa Zenon, kwa miguu kutoka Katandala. Alois kamweleza. Jumamosi ukoo unamaliza matanga na shemeji mmoja anataka kumrithi.
“Dada, nitaitwaje mjane na mume wangu bado anatia saini?”
Nikamwonyesha. NAME="Kristiana" — ikatoka kwa jina lake. Bila kuweka kitu — Zenon. Hakulia. Akauliza kama mbele ya amri naweza kuweka neno lolote. Lolote, nikasema.
“Basi muulize yuko wapi.”
Nikamwambia mashine haijui kujibu. Akasema atarudi kesho.

Ijumaa, 7 Juni
Kaja mapema. Basi nikaandika, ili aridhike: WAPI="" env. WAPI ikaonekana, tupu. Nikaandika env peke yake ili aone ilivyopotea.
Haikupotea. Na si tupu! Maneno manne, Kifipa. Mimi mtu wa Bukoba, sikijui. Kristiana kayasoma polepole, midomo tu. Kisha kasimama, kafunga kitenge upya.
Yanasemaje? nikamuuliza.
“Waambie kesho wasinisubiri matangani.”
Anauliza gari la kushuka ziwani linapita wapi. Modesti kamwahi mlangoni. Nawasikia wanavutana, anamwita mama, mama tulia — na mimi, badala ya kwenda kusaidia, nimekaa hapa nanakili yale maneno kabla hayajapotea —