Kosa la Ukurasa wa Thelathini na Moja

Baba,

Mama sasa anakula vizuri, na wiki jana alikubali tupake sebule rangi. Daftari zako tu ndizo hataki ziguswe. Mimi nimezigusa, ndiyo maana nakuandikia.

Nilikudanganya, Baba. Siku ile wodini uliponiuliza kama nimemaliza kusoma uthibitisho wako wa hesabu, nilisema, "Hauna kosa." Kosa lilikuwepo. Nilikuwa nimeliona tangu Jumapili.

Nakumbuka ulivyonianzisha nikiwa darasa la sita, kwenye veranda yetu ya Kaloleni. Ulichora visanduku kwa chaki, mstari mrefu hadi langoni, ukasema mimi ndiye mashine: soma kisanduku kimoja, futa au andika, sogea hatua moja. Majirani walicheka. Kisha ukanipa swali la mama muuza samaki wa Port Victoria, anayetaka kupita kila soko mara moja na kurudi nyumbani kwa njia fupi kuliko zote. Masoko matano niliyamaliza. Masoko thelathini, ulisema, mashine ikijaribu njia moja moja, sisi sote tutakufa ikiwa bado inahesabu. Ulipostaafu, miaka yako yote iliishia kutafuta njia ya haraka.

Kwenye ukurasa wa thelathini na moja uliandika kwamba mashine inapekua kila inachokumbuka kwa hatua moja. Haiwezi, Baba. Kila soko likiongezwa, vya kukumbuka vinakuwa maradufu.

Jumamosi nilishindwa kunyamaza, nikamwambia Mama. Aliacha kuchambua mboga. Akasema ulijua. Nilipotoka wodini siku ile ulimwambia, "Nyathina, mwanangu huyu, ameliona kosa. Mwache, ananihurumia."

Nililia. Wewe, uliyekuwa ukinikata alama kwa kila hatua niliyoruka, uliniachia uongo wangu bila neno.

Nimeirudia kazi yako yote. Pale barabara zinapokuwa chache, zisizokatana ovyo, njia yako inafikia jibu upesi. Hilo nimelithibitisha. Jina lako liko kwanza, langu linafuata, na kosa nimelieleza waziwazi. Mwezi ujao nitaisoma mbele ya walimu wenzangu chuoni. Mama ameshachagua nguo ya kuvaa.

Wakiniuliza nisichokijua, nitasema sijui. Nakuahidi hivyo.

Pumzika sasa, Mwalimu.

Binti yako,
Akinyi