Miguu ya Ukurasa wa Pili

Jumamosi, 5 Juni 1999

Ah, umerudi! Siku kumi na sita daftari iko chini ya godoro, na we ulikuwa wapi? Kukaanga karanga? Karanga zinakaangwa asubuhi tu. Kampire, kizee mvivu! Nani atasoma haya kama si we mwenyewe? Dative anayenifundisha alisema: "Mama, usipoandika kila siku, herufi zitakukimbia." Nikamujibu, mi nimekimbiwa na vitu vikubwa kuliko herufi.

Bon. Leo soko ilicheka tena. Ni ile furushi ya magazeti niliyopata kwa Gwiza muuza samaki, kule Petite Barrière, mpakani na Goma, ya kufungia karanga. Magazeti yote ni ya siku moja! Tarehe 8 Juni 1996, hayakuuzwa. Mwaka mzima sasa Gisenyi yote inakula karanga na habari ya siku moja. Watu wanaijua kama sala.

Rugema, fundi viatu anayekaa pembeni yangu, alisimama na sindano mkononi akasoma kwa sauti ya redio: AMANI IMEKARIBIA, ASEMA MUKUBWA. Akasema: "Ilikaribia, ikatuona sura, ikageuka." Halafu: BARABARA YOTE KUWA NA LAMI KABLA YA NOELI. Abdu wa pikipiki akauliza Noeli ya nani, maana matako yake bado yanangoja. Halafu ile yangu: MBUZI ALA FAILI ZA MAHAKAMA, AFUNGWA SIKU TATU. Abdu anasema huyo mbuzi ni mutu wa mwisho aliyepata haki kule.

Na juu kabisa, kwenye vipande vilivyokwisha: Gazeti la Wananchi wa Zaire. Zaire yenyewe haiko tena! Gazeti limeishi kuliko nchi.

Nilicheka mpaka nikamwaga karanga.

Jumatatu, 7 Juni 1999

Mvua. Nimeuza kidogo. Nimesoma "sabuni" mwenyewe, mara moja, bila kidole; herufi za gazeti zinanishinda kuliko zangu.

Jumatano, 9 Juni 1999

Niandike polepole.

Saa kumi Dative alikuja. Anapenda nisome vitu vidogo, vile vya chini ya picha. Nikatoa karatasi juu ya rundo. Iko picha ya miguu — miguu tu! Viatu vya mupira, soksi, magoti. Watu kumi na moja wamesimama mustari mumoja, na vichwa nilivikata na kisu. Dative akasema: "Timu isiyo na vichwa, ndiyo maana ilifungwa." Tukacheka. Nikaanza. Wa-li-o-si-ma-ma ku-to-ka ku-sho-to. Jina la kwanza simujui. La pili simujui. La tatu: A. L. O.

Kidole kilikataa kwenda.

Dative akamaliza yeye: "Aloys Kagabo." Akaniangalia. "Mama, unamfahamu?"

Mwana wangu.

Mwaka mzima nimefungia watu karanga ndani ya mwana wangu.

Alhamisi, 10 Juni 1999

Sikulala, donc ninaandika mapema.

Aloys alifanya kazi kwa garaji, Goma, na Jumapili alicheza. Bibi yake alikufa akizaa Ingabire, nikachukua mutoto huku. Vita ikaja kule. Novemba ile ya 1996 wakimbizi walirudi huku siku tatu, barabara haikuonekana kwa vichwa. Nilisimama barrière siku zote tatu, mutoto mgongoni, nikiangalia nyuso mpaka nyuso zote zikawa moja. Yeye hakupita. Picha zake zilikuwa kwake, ndani ya sanduku ya bati, na nyumba ile ilifagiwa hata misumari.

Ingabire sasa ana miaka mine. Anauliza: "Nyogokuru, papa anafanana na nani?" Ninasema, na we. Anachukua kioo, anaangalia muda mrefu, anasema: "Papa ni mutoto?"

Na nitaandika hapa kwa kuwa hakuna anayesikia: hata mi sura inanitoka. Sauti ninayo. Nikishika macho, mdomo unaenda. Nikishika mdomo, macho yanaenda. Mama gani huyu!

Ninataka vichwa vile. Kimoja tu. Cha tatu.

Kisu ni changu. Nilikata furushi yote mara moja, kama mukate. Marundo ya juu, yenye vichwa, yaliisha kwanza, haya ya chini ndiyo yamebaki. Nimetandika yote sakafuni: miguu, miguu, miguu. Picha thelathini na nne. Goti lake la kushoto lina kovu, alianguka kwa mawe ya ziwa akiwa na miaka saba. Kovu inaonekana. Nimempa Ingabire karatasi moja. Alibusu kiatu.

Ijumaa, 11 Juni 1999

Nimeuliza wateja wote. Nani ameweka karatasi? Mwalimu wa shule aliwashia moto. Mama wa maziwa hakumbuki. Abdu alikuwa nazo nyingi — ndani ya choo! Nilimwita majina ambayo sijui kuandika. Akatoa kofia, akasema: "Nisamehe, mama yangu, sikujua ni ndugu." Halafu akalia, jitu lile lenye ndevu. Nikampa karanga. Bure, na bila karatasi.

Rugema ndiye mwenye akili. Akasema: "Koko, aliyekupa furushi alibaki na ngapi?"

Yampayinka! Gwiza!

Jumamosi, 12 Juni 1999

Nilivuka mpaka na beseni kichwani kama kila mutu. Gwiza anauza sambaza, kibanda chake kiko hatua chache ng'ambo. Nikaingia bila hodi. Ukuta wote wa ndani ni magazeti! Alibandika mazima, kuzuia upepo na vumbi. Nikatafuta picha kwa mikono yote miwili. Hakuna. Mbele yangu ni ukurasa wa kwanza tu, mara sita. Mupira iko ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili umeangalia mbao.

Alibandika na uji wa muhogo. Kitu kinachoshika kuliko ndoa.

Gwiza alisema: "Mama, ukibandua, baridi itaingia kwa watoto wangu." Nikamwambia, wangu iko ndani ya baridi tangu miaka mitatu. Akasema: "Chemsha maji. Mwana wa mutu hawezi kukaa nyuma ya ukuta wangu."

Tukalowesha. Karatasi ya kwanza ilikuja vipande, uji mutupu. Ya pili na ya tatu vilevile. Ya ine Gwiza alivuta kwa kucha, pole pole, kuanzia kushoto, na mi nikishika taa. Yule wa kwanza akatoka: shati, shingo, sura nzima, anacheka. Simujui, nikambusu. Wa pili alitoka nusu, shavu lilibaki kwa mbao. Wa tatu — bega. Bega lake, lile la kushoto linaloshuka kidogo, la baba yake. Hapo karatasi ikaanza kuvimba.

Gwiza akaondoa mkono. "Tusilazimishe. Tuweke kitambaa cha maji juu. Kesho itaachia yenyewe."

Na filimbi ya barrière ikalia, saa kumi na mbili. Askari alinisukuma na maneno: "Twende mukecuru, tunafunga." Nikamwambia, wewe una mama? Akasema ndiyo. Nikamwambia, mupelekee picha.

Sasa niko kitandani na Ingabire amelala juu ya mkono wangu, ndiyo maana herufi zimepinda. Sikumwambia kitu. Kule kitambaa kinafanya kazi.

Kampire, sikia. Kesho ukifungua daftari hii, nawa mikono, keti, andika neno moja kwanza: iko, au haiko. Mengine andika ukisha kula.