Msomaji wa Hadithi ya Roboti

Protima, ushawahi kumponda mtu huku unakula samaki wa haradali aliyekupikia?

Wageni waliniuliza mezani kuhusu hadithi za anga ninazosikiliza kwenye simu. Nikasema hii ya sasa ni tamu, ila msomaji ameiua. Roboti anatisha dunia nzima, yeye anamsoma kama bibi harusi mwenye haya. Wakacheka. Nikanogewa. "Huyo binti akauze chai stesheni." Nimesema hivyo, Protima, akauze chai.

Mwanangu Palash akaninong'oneza, "Ma, ni Sreyoshi."

Mke wake. Ndiye aliyeniwekea hadithi yenyewe. Hapa nyumbani husema "ndiyo, Ma" tu, sauti yake ningeijulia wapi?

Kasikia yote, kajifungia chumbani. Nimebembeleza mpaka nimeishiwa maneno, nimekaa chini mlangoni kwake.

Sasa hivi kajibu: "Nilitaka unisikilize, Ma."